Eropleni za Vita Zilizozeeka: Wanaozipenda Wanapenda Nini?

Jumapili moja, watu walipokuwa wakitoka kanisani hapa Fataki, eropleni ndogo ilipita juu ikielekea upande wa Bunia. Watoto walikimbia uwanjani, wakainua mikono, wakapiga kelele za furaha. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nasi hakukimbia, wala hakuinua uso. Alisimama kimya, akashika kitambaa chake kifuani, akasikiliza. Sauti ilipofifia akasema, "Hii ni ya dawa," kisha akaendelea na njia yake.

Sisi sote tuliokuwapo tulimwelewa. Watu wa Djugu wamejifunza kuiuliza kila sauti ya angani imekuja na nini kabla ya kuifurahia. Wako wazee wanaokumbuka miaka ya 1964 na 1965. Wako wengi zaidi wanaokumbuka vita ya miaka ya 1999 hadi 2003, na mashaka yaliyorudi tena tangu mwisho wa mwaka 2017. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba katika nchi nyingine watu huamka alfajiri, husafiri mbali na kulipa fedha ili waone na kusikia eropleni za vita, twashangaa. Je, watu hao hawajui vita ni nini? Au kuna jambo wanalolitafuta, nasi pia lingetufaa? Hilo ndilo tunalotaka kulichungua leo pamoja nawe, ndugu msomaji.

ASUBUHI YA MAONYESHO

Tuanze na mahali panapojulikana sana kwa maonyesho hayo, Duxford, karibu na mji wa Cambridge, Uingereza. Kiwanja hicho kilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1938 kikosi cha kwanza kupewa eropleni za Spitfire kilikuwa hapo, na mwaka 1940, Waingereza walipopigania anga la nchi yao, marubani waliruka kutoka Duxford kwenda kupambana. Siku hizi pamekuwa makumbusho, na katika siku za maonyesho eropleni za zamani hutolewa mabandani na kurushwa mbele ya watu.

Wageni hufika mapema, wamebeba vikapu vya chakula, viti vya kukunja, darubini, na makoti mazito, maana mvua ya nchi ile haina wakati wake. Wapenzi wa kweli hawakimbilii viti. Huenda kwanza mahali eropleni zilipopangwa, wakatembea polepole kando yake kama watu wanaotazama ng'ombe mnadani. Huona sinia zilizowekwa chini ya mitambo ili kukinga mafuta yanayodondoka. Mafundi wa mitambo hiyo ya zamani hupenda kutania kwamba eropleni isiyodondosha mafuta ni ile ambayo mafuta yake yamekwisha.

Kisha rubani hupanda, fundi husimama mbele na kizimamoto mkononi, na watu wote hunyamaza. Panga la mbele huzunguka mara moja, mara mbili, kwa uvivu, mtambo hukohoa, moshi hutoka ubavuni, na ghafula ngurumo hujaa uwanja mzima. Walioisikia husema kwamba ngurumo ile haiingii masikioni tu, bali huipiga hata mbavu. Mtambo wa Spitfire uitwao Merlin una silinda 12, nao hutoa mlio ulio laini, ulionyoka. Harvard, iliyokuwa eropleni ya kufundishia, ina silinda tisa zilizopangwa duara, na mlio wake hukwaruza, kwa sababu ncha za panga lake huenda upesi karibu sawa na mwendo wa sauti yenyewe. Wapenzi hawa waweza kufumba macho na kukuambia ni eropleni gani inayopita, kama vile mchungaji wa milima yetu amjuavyo ng'ombe wake kwa mlio.

Tena si watu wa namna moja. Yuko mvulana mwenye daftari, aandikaye namba ya kila eropleni aionayo. Yuko mzee aliyekuwa fundi ujanani, ambaye mikono yake bado yakumbuka kila parafujo. Yuko mama ambaye mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha eropleni wakati wa vita, kwa maana wanaume walipokwenda kupigana wanawake wengi walishika nyundo na vyombo vya kutobolea chuma. Na wako waliokuja kwa ajili ya babu ambaye hawakumjua kamwe, aliyeruka siku moja asirudi. Wanapopata nafasi ya kuketi katika kiti cha rubani, jambo linalowashangaza wengi ni udogo wake. Mabega hugusa pande zote mbili. Ndipo mjukuu huelewa kwamba babu yake alikuwa kijana wa miaka 20 au 21, amebanwa peke yake katika kijisanduku cha chuma, na tangi la petroli liko mbele yake.

KAZI ISIYOONEKANA

Yafaa wanafunzi wetu wajue kwamba eropleni ya zamani hairuki kwa mapenzi tu. Spitfire ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936, na kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Leo zinazoweza kuruka duniani pote hazifiki 100. Nyingine zilianguka vitani, na nyingi zaidi ziliuzwa kama vyuma vikuukuu baada ya vita, zikayeyushwa. Zilizosalia zimeokolewa na watu wenye subira. Kipande hiki kilitolewa matopeni, kingine kilikutwa katika banda la mkulima, kingine kilifanywa upya kwa kufuata michoro ya kiwanda. Fundi aweza kutumia juma zima kwa bamba moja la bawa, akilipiga, akilipima, akilitupa na kuanza tena, kwa kuwa huko juu hakuna mahali pa kusimama na kurekebisha.

Iko Spitfire moja iitwayo MH434, ambayo maisha yake yanafanana na ya mtu. Ilitengenezwa mwaka 1943, ikapigana juu ya Ufaransa, na marubani wa Kibelgiji ni miongoni mwa walioirusha. Vita ilipokwisha iliuzwa; huko Ubelgiji ilipewa kazi ya kukokota shabaha ili askari wajifunze kulenga. Baadaye ikatumika katika sinema. Mwaka 1983 ikanunuliwa na rubani Ray Hanna, naye akaifanya ijulikane sana katika maonyesho. Hivyo chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya vita ya miaka michache kimeendelea kuruka miaka mingi katika amani. Wapenzi wengi husema kwamba hilo ndilo linalowagusa: kukiona chombo kile kikiruka, wala hakuna anayekimbilia handaki.

ZILIPITA KWETU PIA

Msomaji asidhani ya kuwa hayo ni mambo ya Ulaya tu. Historia ya eropleni za vita imepita katika nchi yetu tangu mwanzo wake.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipewa na Waingereza eropleni nne za majini, aina ya Short, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na maboya badala ya magurudumu. Zililetwa kwa meli hadi Matadi, kisha kwa reli na kwa mto hadi Ziwa Tanganyika. Kwa kuwa mawimbi ya ziwa kubwa yalikuwa makali, zikawekwa katika ziwa dogo la Tungwe, kando yake. Kutoka hapo, mwezi wa Juni, rubani Aimé Behaeghe na wenzake waliruka ng'ambo hadi Kigoma, wakaangusha mabomu bandarini ilimokuwa meli kubwa ya Wadachi, Graf von Götzen. Behaeghe hakuiona tena nchi yake. Aliugua, akafa Niemba mwezi wa Desemba mwaka uleule.

Jina la rubani huyo limeandikwa vitabuni. Lakini vita ile ilibebwa juu ya vichwa vya wapagazi wa Kongo zaidi ya 200,000, waliotwaliwa kuchukua chakula na risasi. Wengi walikufa njiani kwa maradhi na kwa uchovu. Ni wangapi kati yao tunaowajua kwa jina?

Katika Vita Kuu ya Pili, kikosi cha Kibelgiji namba 349 kilianzishwa Ikeja, karibu na Lagos, kabla ya kuhamia Uingereza na kupewa Spitfire. Vita hiyo ilipokwisha, Wabelgiji walijenga kituo kikubwa Kamina, katika Katanga, na huko vijana wao walifundishwa urubani juu ya Harvard mpaka mwaka 1960. Harvard za namna ileile ndizo zinazoshangiliwa siku hizi katika maonyesho ya nchi nyingi. Afrika ya Kusini jeshi lilizitumia hadi mwaka 1995, na wapenzi wa huko wamezitunza kadhaa ziendelee kuruka.

Tena iko eropleni nyingine, T-28. Wamarekani waliitengeneza kwa kufundishia marubani. Katika maonyesho ya Marekani hupendwa sana, hupakwa rangi za kung'aa, na hupita makundi makundi huku watu wakipiga makofi. Lakini T-28 ndizo zilizotumiwa na serikali ya Leopoldville katika vita ya mashariki mwa Kongo mwaka 1964 na 1965, zikiwa zimefungwa bunduki na makombora, na zikirushwa na marubani wa Kikuba waliokuwa wamehama kwao. Mlio mmoja, mashine moja. Kwa huyu ni burudani ya Jumamosi alasiri, kwa yule ni siku aliyolala kifudifudi katika shamba la muhogo. Wote wawili wanasema kweli.

SAFARI YA MWAKA 2016

Je, Afrika ya Mashariki imepata kuona maonyesho ya namna hii? Mwaka 2016 ilipata kuona jambo lililo karibu nayo. Tarehe 12 Novemba kundi la eropleni za zamani, nyingi zenye mabawa mawili na kiti kisicho na paa, liliondoka kisiwa cha Krete huko Ugiriki. Zikapita Misri, ambako zilitua karibu na mapiramidi ya Giza. Zikapita Sudani, Ethiopia, Kenya na Tanzania, kisha zikaendelea kusini hadi nchi ya Cape, zikafika katikati ya Desemba. Safari nzima ilikuwa kama kilomita 13,000.

Miongoni mwake zilikuwamo Tiger Moth na Stearman. Hizo ni eropleni ambazo maelfu ya vijana wa Vita Kuu ya Pili walijifunzia kuruka kabla ya kupelekwa vitani. Hazina mwendo mkubwa. Rubani hupigwa na upepo usoni, huchomwa na jua, na hunyeshewa na mvua kama mpanda baisikeli. Kwa hiyo huruka chini, akaona mapito ya wanyama, moshi wa majiko na watoto wakipunga mikono. Safari haikukosa taabu. Eropleni nyingine ziliharibika njiani, na huko Gambela, Ethiopia, wasafiri walizuiliwa siku chache kwa ubishi wa ruhusa ya kuingia nchini. Lakini walipita, nao waliotazama kutoka ardhini waliona kitu ambacho babu zao walikuwa wamekiona katika miaka ya 1930, eropleni za barua zilipoanza kupasua njia kutoka Cairo kwenda kusini.

WALE WALIO CHINI

Sasa tufike penye ugumu. Mapenzi haya yana hatari zake, wala si haki kuzificha. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, eropleni ya zamani aina ya Hawker Hunter ilikuwa ikizunguka angani katika maonyesho. Haikuwahi kuinuka, ikaanguka juu ya barabara kuu, watu 11 wakafa. Rubani akapona. Waliokufa walikuwa nje ya uwanja, na baadhi yao walikuwa wakipita tu katika safari zao. Tarehe 12 Novemba 2022, huko Dallas, Marekani, eropleni mbili za Vita Kuu ya Pili ziligongana mbele ya watazamaji, watu sita waliokuwa ndani yake wakapoteza maisha. Baada ya misiba hiyo wapenzi wengi walijiuliza: je, furaha yetu yastahili bei hii? Huko Uingereza sheria za maonyesho zilikazwa. Wengine walisema kwamba eropleni za thamani hivyo zingekaa mabandani zitazamwe tu. Wengine wakajibu kwamba eropleni isiyoruka ni kama ngoma isiyopigwa.

Sisi hatutaki kuamua shauri hilo kwa niaba yao. Lakini twaona kwamba msiba wa Shoreham umefundisha jambo ambalo watu wa Ituri walilijua zamani. Eropleni ina watu juu yake na watu chini yake. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Mtangazaji wa maonyesho hutaja jina la rubani, nguvu za mtambo, na idadi ya adui waliopigwa. Mara nyingi husahau kuwataja waliokuwa majumbani usiku ule, chini ya mabomu, Ulaya na Afrika. Ukumbusho unaotaja juu tu, bila kutaja chini, umekatwa nusu. Mtoto akiupokea hivyo atapenda vita, akidhani kwamba ni moshi mzuri na mlio mtamu.

Na ukumbusho ulio kamili wafanyaje? Tuitazame tena ile Graf von Götzen. Wabelgiji walisadiki kwamba mabomu yao yameipiga, lakini hayakuizamisha. Mwezi wa Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha ili isitekwe, na mafundi wao wakaipaka mitambo yake grisi nyingi, wakitumaini itafaa siku moja. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya ziwa. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya, Liemba, ikibeba abiria, samaki na magunia ya mahindi kutoka bandari hadi bandari kwa miongo mingi. Kisha mwaka 1997, vita ilipopungua kwetu, meli ileile ilichukua wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma, ikawarudisha nyumbani kupitia Uvira, kwa safari 22. Meli iliyoletwa kwa ajili ya vita, na kulengwa na mabomu ya eropleni, imewavusha mama na watoto wao kurudi kwao.

Eropleni nazo zina habari kama hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea mwisho mwaka 1945, marubani kadhaa waliokuwa wamerusha eropleni za jeshi, pamoja na mwanamke mmoja Mmarekani aitwaye Betty Greene, walikubaliana kutumia ujuzi wao kuwapeleka wamisionari na waganga mahali pasipo barabara. Ndicho chanzo cha chama cha ndugu zetu Waprotestanti kiitwacho MAF, ambacho eropleni zake ndogo zimeruka kutoka Bunia kwa miaka mingi. Mikono iliyojifunza urubani kwa ajili ya vita ikapeleka dawa.

TUFANYE NINI SISI?

Hapa Fataki hatuna Spitfire wala banda la makumbusho, na haielekei kwamba tutaona maonyesho ya eropleni katika uwanja wetu wa mpira. Hata hivyo kazi wanayoifanya wapenzi wale twaweza kuifanya bila petroli. Wao huokoa chuma kisipotee. Sisi twaweza kuokoa habari zisipotee. Wao huweka jina la rubani ubavuni mwa eropleni. Sisi twaweza kuandika majina ya waliotangulia mbele yetu, waliobeba mizigo, waliokimbia, waliowaficha jirani zao wasiuawe.

Enyi wanafunzi, chukueni daftari. Waendeeni babu na bibi zenu jioni, moto unapowaka, mkawaulize kwa adabu: eropleni ya kwanza mliyoiona ilikuwa ipi? Ilikuja na nini? Nani alisaidiwa, na nani aliumia? Andikeni mwaka na mahali. Msichague habari za upande mmoja tu. Atakayewaambia habari za kijiji chake, mwulizeni pia habari za kijiji cha pili. Kama mzee ananyamaza, msimlazimishe. Kaeni naye tu.

Tulianza na bibi aliyesimama kimya njiani huku watoto wakishangilia. Hatutaki watoto wale wanyimwe furaha yao, wala hatutaki bibi yule asahauliwe. Twatamani siku moja mtoto amshike mkono, amwulize kwa nini alisikiliza kwanza, naye amweleze yote bila kuogopa. Siku hiyo mtoto ataendelea kuitazama eropleni kwa furaha, naye atajua pia kuisikiliza.